Fundo la Kipimajoto

"Sindano, hali ikoje huko?"

Sauti ya Mkuu ilimkwaruza sikioni kupitia kifaa kidogo kuliko punje ya mahindi.

"Kwenye skrini, ukumbi wa tatu umelala, Mkuu. Baridi tupu."

"Na kwa mkono?"

Aliweka kiganja nyuma ya kabati la kompyuta. Akakitoa haraka.

"Kwa mkono panaunguza."

Jumba lile lilihifadhi kumbukumbu za nusu ya nchi, na lilikula umeme kama mtaa mzima. Ndiyo maana mashine zisizo na kazi zililazwa, zisile bure. Sasa genge la wasafirishaji wa silaha lilikuwa limeziamsha kimyakimya. Ikigonga saa sita mchana, jiji likiwa limeelemewa, zote zingevuta umeme kwa mkupuo. Gridi ya umeme ingeanguka. Skana za bandarini zingezimika, makontena yao yapite. Na hospitalini, waliokuwa wakipumua kwa mashine wangekata roho.

"Kuna mtu wa ndani," Mkuu alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Hai au maiti, mlete."

Sindano, ndani ya ovaroli ya mkaguzi wa mitungi ya kuzimia moto, alipanda ngazi kukitafuta kipimajoto kikuu. Kilipaswa kuning'inia kwenye hewa ya moto, ili joto likizidi mtambo uuzime ukumbi wenyewe. Alikikuta kimefungwa kwenye bomba la maji baridi. Kilikuwa kikidanganya tangu asubuhi.

Alitazama uzi uliokifunga.

Mizunguko mitatu, ncha imefichwa ndani.

Mama yao alipofariki, kaka yake ndiye aliyemfunga viatu vya shule kwa fundo lile, huku akimtania kwamba hata mwizi wa viatu angekata tamaa. Duniani walilijua wawili tu. Na kaka yake ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa upoozaji wa jumba hili. Asubuhi nzima Sindano alikuwa akiomba wasikutane, asije akaulizwa ovaroli ameitoa wapi.

"Shuka, mdogo wangu. Taratibu."

Kaka yake alikuwa pale chini. Nyuma yake, mgeni mrefu mwenye bastola ya Glock.

Sindano aliivuta ncha iliyofichwa.

Fundo likafunguka. Kipimajoto kikaangukia kwenye hewa ya moto.

Mgeni alifyatua. Kaka mtu akampiga kikumbo, risasi ikaenda darini. Sindano aliruka kutoka kwenye ngazi, buti zote mbili zikamkita mgeni kifuani. Hakuinuka tena.

King'ora kikalia. Safu moja ikanyamaza, ikafuata nyingine, mpaka ukumbi mzima ukawa kimya.

"Umezimika, Mkuu."

Kaka yake hakukimbia. Alinyoosha mikono mwenyewe.

"Kwa nini, kaka?"

"Walinionyesha picha yako umeshika bastola. Mimi najua unauza bima! Wakasema nikikataa, wataniletea maiti yako."

"Na wale wagonjwa hospitalini?"

"Niliwaza wewe tu."

"Ungeniambia, kaka."

"Na wewe ungeniambia."

Sindano alimfunga pingu.

"Sindano! Mtu wa ndani umempata?"

"Ninaye."

"Ni nani?"

"Fundi wa upoozaji."

Walipofika mlangoni, kaka yake alisimama akatazama chini.

"Kamba ya kiatu imekufunguka." Akachuchumaa, pingu zikigongana. "Lete mguu nikufunge. Utaanguka bure."

Sindano angetoa chochote duniani amwachie amfunge.

"Inuka, kaka. Twende."

Nje jua lilikuwa la utosini. Taa za barabarani ziliwaka nyekundu, zikawaka kijani, na magari yakapita. Alimkabidhi kwa wanaume wawili wa Mkuu waliokuwa kwenye Land Cruiser nyeusi, akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akaondoka bila kugeuka.

Kamba ya kiatu iliburuzika njia nzima. Hakuinama kuifunga.