Esanse ya Ndege kwenye Pikipiki ya Jérémie

Kila asubuhi, kabla soko la Baraka halijachangamka, Jérémie alisafisha pikipiki yake kwa kitambaa chenye maji. Alianza na taa, akamalizia na magurudumu. Mke wake, Félicité, alikuwa akimcheka. Alisema hata mtoto wao Élie hajawahi kuogeshwa vizuri namna ile.

"Mutoto iko na mama yake," Jérémie alijibu. "Pikipiki iko na mi tu."

Kazi yake ilikuwa kupandisha watu kutoka Baraka, kando ya ziwa, mpaka Fizi, kule juu milimani. Alibeba walimu, wauza samaki, na akina mama wanaotoka kutazama wagonjwa. Barabara ile ina mawe na mashimo. Halafu kuna kilima kirefu ambacho hakimwonei mtu huruma.

Kwenye kilima hicho ndipo shida ilipoanza. Kila alipobeba mzigo mzito, moteri, yaani injini, ilipiga kelele: ka-ka-ka-ka, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Nguvu zikapungua. Mara nyingine abiria alishuka na kupanda kilima kwa miguu, huku akinung'unika.

Jérémie alimweleza rafiki yake Dany. Walisoma pamoja shule ya msingi. Sasa Dany aliuza esanse, yale mafuta ya pikipiki na magari, kando ya barabara, katika chupa na bidoni, yaani madumu.

Dany aliinama nyuma ya meza yake, akavuta bidoni moja iliyofunikwa gunia. Akaingiza mrija wa mpira ndani yake, akavuta kwa mdomo, akatema mate, na kujaza chupa moja. Esanse ile ilikuwa ya buluu.

"Hii ni ya ndege," alisema kwa sauti ya chini. "Ya zile ndege ndogo. Mwenye kuniletea anasema iko na mia moja. Hii yetu ya kila siku haifiki mia."

"Mia ya nini?"

"Mia ya nguvu, ndugu yangu! Kama inapitisha ndege juu ya milima ya Minembwe, itashindwa na pikipiki? Na bale bantu ba mashindano, banaotembeza pikipiki kama upepo, yabo inapita hata mia."

Maneno yale yalimwingia Jérémie. Akamimina ile ya buluu juu ya ile ya kawaida, akapakia abiria, akaenda. Alipofika kwenye kilima, alikaza meno na kusikiliza. Ile kelele haikusikika. Moteri ilipanda kimya. Jérémie alianza kuimba, na abiria wake, mchungaji mmoja mzee, akaitikia.

Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya esanse nyingine. Aliogopa wezi, kwa hiyo bidoni ya buluu ililala ndani ya nyumba, nyuma ya mlango.

"Baba Élie, hii harufu inanipasua kichwa," Félicité alilalamika. "Na mutoto anachezea kifuniko."

"Vumilia kidogo. Ni dawa ya kazi yetu."

Majuma yakapita. Pikipiki ikaanza kuwa na ukaidi. Asubuhi ilikataa kuwaka. Ikiwaka, ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Jérémie aliwaza, akaona jibu moja tu: labda hii ya buluu haitoshi. Akaacha kuchanganya. Akajaza tanki lote esanse ya ndege.

Basi, wakati huo dada yake mdogo, Pulchérie, alikuwa mja mzito kule Fizi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa operesheni huko Baraka. Wauguzi walimwonya mapema: mimba ya pili asizalie nyumbani, arudi hospitali ileile. Mume wake alikuwa Lulimba, kwenye machimbo ya dhahabu. Kwa hiyo Jérémie ndiye aliyemwahidi.

"Uchungu ukianza, unipigie," alimwambia. "Mi nitafika mbele ya jasho kukauka."

Uchungu ulianza mapema kuliko walivyotazamia. Simu ililia asubuhi. Jérémie aliacha chai yake mezani. Alipiga pikipiki teke mara nyingi ndipo ikawaka, akaondoka mbio.

Pale katikati ya kilima, moteri ilikohoa. Ikakohoa tena. Ikazimika.

Jérémie alipiga teke. Akapiga tena. Aliisukuma hatua chache, lakini kilima ni kilima. Simu ikalia.

"Yaya, kaka yangu, uko wapi?"

"Niko njiani, Pulchérie. Niko njiani."

"Ni njia gani hiyo isiyokwisha?"

Jérémie alitia simu mfukoni. Alifungua tanki, akatazama ndani. Esanse ilikuwepo, ya buluu, tele.

Baadaye alisikia gari likishuka kutoka Fizi. Ilikuwa camion, lori la mihogo. Juu ya magunia aliona godoro, na juu ya godoro alimwona dada yake. Jirani mmoja alikuwa amemshika mabega. Pulchérie alimwona kaka yake amesimama kando ya barabara na pikipiki iliyokufa. Camion ilipita bila kusimama, na vumbi likamfunika Jérémie.

Aligeuza pikipiki. Mteremko ulimrudisha Baraka, moteri ikiwa imezimika.

Mtoto alizaliwa siku ile, msichana, kwa operesheni. Daktari alisema wamshukuru dereva wa camion. Kama wangeendelea kungoja kule juu, angekuwa akisema maneno mengine.

Jérémie aliingia wodini ameinamisha kichwa. Alikuwa ametayarisha maneno mengi ya kujitetea. Pulchérie alimshika mkono.

"Mi sikukasirika, Yaya," alisema. "Niliogopa tu. Nilikuwa nasikiliza kila pikipiki, nasema hii njo yake, hii ndiyo."

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi. Alitoka nje, akakaa kwenye ukuta wa hospitali, na kwa mara ya kwanza akajiuliza swali ambalo alipaswa kujiuliza zamani: je, mimi najua ninachomimina ndani ya hii pikipiki?

Alipofika nyumbani, Félicité ndiye aliyesema la maana. "Jirani yetu Mama Adolphine anafundisha mekaniki pale kwenye centre ya ufundi. Kila siku unamusalimia juu ya ukuta. Hata siku moja hujamuuliza kitu."

Mama Adolphine alikuja jioni ile ile, amevaa kitenge chake cha nyumbani, ameshika ufunguo wa bujie. Bujie ni kile kifaa kidogo kinachotoa cheche za kuwasha esanse ndani ya moteri. Aliitoa, akaigeuza kwenye mwanga. Kwenye ncha yake kulikuwa na vidonge vidogo vigumu, rangi ya majivu.

"Unamimina nini mu tanki?" aliuliza.

Jérémie alileta bidoni. Adolphine alitazama ile rangi, akanusa kwa mbali, akafunga kifuniko haraka.

"Ni nani alikwambia uweke hii?"

"Banasema iko na nguvu ya mia moja."

"Hapana. Ile mia moja haipimi nguvu." Alikaa kwenye kiti. "Mama Élie, unatwangaka sombe, majani ya mihogo, na mwenzako mu kinu kimoja?"

"Ndiyo, Mama," Félicité alijibu.

"Munafanyaka namna gani?"

"Wa kwanza anashusha mwichi, wa pili anainua. Kwa zamu."

"Na mumoja akishusha mbele ya zamu yake?"

"Michi inagongana. Mikono inauma."

"Basi, hiyo njo ile ka-ka-ka." Adolphine alimgeukia Jérémie. "Ndani ya moteri kuna pistoni, inapanda na kushuka. Ikipanda, inaminya esanse na hewa. Halafu bujie inatoa cheche, moto unasambaa polepole, unasukuma pistoni chini. Kila kitu kwa zamu. Lakini esanse isiyo na uvumilivu, ukiiminya na joto likiwa kali, inalipuka yenyewe mbele ya moto kuifikia. Inagonga pistoni vibaya. Unasikia kelele, nguvu inapotea, na mwisho pistoni inaharibika."

"Na hiyo mia moja?"

"Inaitwa oktani. Ni kipimo cha uvumilivu. Esanse ya pompe, ile ya kila siku ya kwenye kituo cha mafuta, mara nyingi iko kati ya tisini na moja na tisini na tano. Ya ndege ndogo iko mia moja hivi, hata kama banaipima kwa namna yabo. Ya mashindano inaweza kupita hapo. Moteri za mashindano zinaminya sana, kwa hiyo zinaomba esanse yenye kuvumilia sana. Pikipiki yako haiminyi vile. Walioitengeneza walikwisha kuandika hapa karibu na tanki: tisini na moja. Ukiipa zaidi, haiongezi kitu. Muntu mwembamba akivaa shati ya muntu munene, ananenepa?"

Félicité alicheka. Jérémie hakucheka. Alikuwa akifikiri.

"Mama," alisema, "usikasirike. Mbona siku ya kwanza kelele iliisha? Mi nilisikia na masikio yangu."

"Ulisikia vizuri, na swali lako ni zuri. Iliisha kwa sababu esanse hii inavumilia. Lakini haikuponya ugonjwa, ilinyamazisha tu kilio. Na yenyewe ilileta ugonjwa mwingine. Hii ya buluu, mara nyingi banaitia risasi."

"Risasi?" Félicité alishtuka. "Ya bunduki?"

"Madini ile ile, ile inaitwa plomb kwa Kifaransa. Njo hivi vidonge kwenye bujie. Vimeziba cheche. Kwa hiyo moteri ilizimika kwenye kilima, na tanki limejaa." Adolphine alishusha sauti. "Lakini bujie tunaibadilisha. Mutoto hatumubadilishi. Risasi inaingia mu damu polepole. Inapunguza akili ya batoto, na haionekani kwa macho. Hii bidoni isilale tena ndani ya nyumba."

Félicité alimvuta Élie karibu yake, akamshika viganja, akavitazama. Jérémie aliibeba bidoni nje.

"Musiimwage kwa udongo, wala mu ziwa," Adolphine alisema. "Funga vizuri. Nitaipeleka centre, ifungiwe mahali pake. Mikono na nguo, musafishe kwa maji na sabuni. Na kesho, Mama Élie, upeleke mutoto kwa muuguzi, umweleze yote. Usifiche."

"Na ule ugonjwa wa kwanza?" Jérémie aliuliza. "Ile kelele ya mwanzo?"

Adolphine aliomba esanse ile ya kawaida, ya chupa. Alienda mbali na jiko, akadondosha tone moja kwenye karatasi safi. Walingoja. Tone lilikauka, lakini likaacha doa la mafuta.

"Esanse safi inakauka bila doa," alisema. "Hii bamechanganya na petroli ya taa, mafuta ya kuwashia taa. Petroli ya taa haina uvumilivu kabisa. Njo adui wako wa kwanza. Wa pili, nafikiri, iko ndani ya moteri. Tufungue."

Kesho yake walifungua kichwa cha moteri pale centre. Ndani kulikuwa na masizi magumu kama ukoko wa ugali. Adolphine alieleza kwamba masizi hayo yanashika joto, na kupunguza nafasi ya kuminyia, kwa hiyo esanse inalipuka kabla ya zamu. Walikwangua, wakasafisha, wakaweka bujie mpya. Jérémie alijaza esanse ya pompe, baada ya kuijaribu kwanza kwenye karatasi.

Bado alikuwa na kazi moja. Alimkuta Dany mezani pake, ana mpira mdomoni, anavuta ile ya buluu.

"Dany, toa hiyo mu kinywa."

"Kuna nini?"

Jérémie alimweleza yote, tangu kinu cha sombe mpaka risasi. Hakupiga kelele. Alipomaliza, Dany alipangusa midomo kwa mkono, kisha akautazama mkono wenyewe.

"Mi sikukudanganya, ndugu yangu," alisema. "Walinidanganya, nami nikapitisha."

"Najua. Mi pia nilitaka kudanganywa. Ilikuwa rahisi kuliko kuuliza."

Dany alikwenda kwa muuguzi. Kichwa kilikuwa kinamuuma siku nyingi, akidhani ni jua. Alinunua pompe ndogo ya mkono ya kuhamisha esanse, na karatasi safi zikawekwa mezani pake. Mteja akitaka kujaribu, anajaribu mwenyewe mbele yake. Ile ya buluu hakuichukua tena. Naye Élie alipimwa, na muuguzi akaagiza arudishwe ili waendelee kumfuatilia. Félicité alimrudisha kila alipoambiwa.

Ikafika siku ya Pulchérie kurudi Fizi na mtoto wake. Kidonda kilikuwa bado kichanga, kwa hiyo walimpandisha ndani ya gari la mtu wa kanisa lao. Jérémie alipewa vitu: godoro, beseni, sufuria, na kitita cha samaki wakavu. Pikipiki ilielemewa kuliko siku zote. Gari lilitangulia.

Kwenye kilima, Jérémie alipunguza gia na kuacha moteri ipande kwa mwendo wake. Haikupiga misumari. Haikutetemeka. Mbele yake aliona gari la Pulchérie likijikokota katika mashimo. Alipita kando yake taratibu, na kupitia dirishani akamwona dada yake akimnyonyesha mtoto.

Alifika Fizi kabla yao. Akafungua nyumba, akatandika godoro, akawasha jiko, akateleka maji. Kisha akatoka, akasimama mlangoni. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa anasikiliza kila moteri inayopanda, na kujiambia: hii njo yake.