Niliinyang'anya Redio Mgawo Wake

Ni wakati gani hasa kosa linageuka kuwa usaliti: pale unapolitenda, au pale unapomtazama mwingine akiadhibiwa kwa ajili yake, nawe ukanyamaza?

Wapendwa wasomaji, swali hilo lilinijia siku moja.

Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya halmashauri, mgongo ukutani, nikimtazama mjomba wangu akivuliwa kitambulisho cha kazi shingoni. Mbele za watu!

"Watoto wa watu wamelazwa kwa uzembe wako!" mkurugenzi alimfokea.

"Mzee, mitambo yangu ilikuwa mizima. Naapa!"

"Mizima? Na redio ilikuwa bubu? Toka!"

Mjomba alipita karibu yangu. Akajaribu kutabasamu.

"Usilie, Profesa. Nilikuwa nahitaji likizo."

Nikazidi kulia... kwa sababu aliyeifanya redio iwe bubu nilikuwa mimi.

Naomba niwaeleze taratibu.

Niko mwaka wa tatu chuo kikuu, nasomea mawasiliano. Nilikuja halmashauri kwa mafunzo ya vitendo, nikakabidhiwa chumba cha mitambo. Mji wetu una mtandao mmoja wa pamoja. Unaingia pale ofisini, kisha unagawanywa kwa halmashauri, kwa shule zote na kwa redio ya jamii. Kila mmoja ana mgawo wake, na mgawo haubadilishwi mpaka watumiaji wakubaliane kikaoni.

Redio huutumia wake kupeleka sauti kutoka studio hadi mnarani, kule kilimani. Mjomba ndiye fundi mitambo wa redio, ingawa mwajiri wake ni halmashauri. Ndiye pia aliyenifundisha, nikiwa mdogo, kufungua redio mbovu na kuifunga tena bila kubakiza skrubu mkononi.

Mama yangu, dada yake, ni mwalimu mkuu. Shule yake haina mwalimu wa fizikia, hivyo wanafunzi wake hufundishwa kupitia skrini, na mwalimu aliye shule nyingine.

Asubuhi moja mama alinipigia simu.

"Mwanangu, picha imeganda tena! Mwalimu wa watu kabaki mdomo wazi kama anapiga miayo. Watoto wanacheka tu, na mtihani ndio huo unakuja!"

"Ngoja, mama. Nione la kufanya."

Nikatazama kompyuta. Redio ilikuwa inapiga muziki.

Muziki, jamani! Nikajiambia: nani atadhurika akikosa wimbo mmoja?

Nikauchukua mgawo wa redio karibu wote, nikauhamishia shuleni. Sikumuuliza mtu yeyote.

"Eeh! Imetulia kabisa!" mama alishangilia. "Umefanyaje?"

"Elimu kwanza, mama."

Nilijiona mkombozi.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba idara ya maji ilikuwa imekosea vipimo, na dawa ya kusafishia maji ilikuwa imemwagwa nyingi mno kwenye tangi la mji. Mtangazaji alikatisha muziki, akaanza kuonya: msinywe maji ya bomba! Alirudia mpaka sauti ikamkauka, akaamini mji mzima umesikia, akarudisha muziki. Pale studioni alisikika vizuri, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini mnarani hakikufika kitu. Majumbani redio zilikuwa zinakoroma tu.

Kipindi cha fizikia kikaisha. Nikaurudisha mgawo kama ulivyokuwa, nikaenda kunywa chai.

Wanafunzi wa mama nao wakatoka darasani, jua kali, wakakimbilia bombani...

Ndiyo. Wale wale niliowahurumia.

Nilimkuta mama wodini, akimfuta mdomo msichana aliyekuwa ametapika mpaka hana nguvu ya kulia. Daktari alisema watapona wote. Mama hakumsikia.

"Shule ina spika uwanjani," alisema. "Redio huwa wazi kutwa nzima! Huyu mdogo wangu angefanya kazi yake, tungesikia! Simtaki nyumbani kwangu."

Nilifungua mdomo.

Nikaufunga.

Wakaguzi walipokuja, walikuta mtandao uko sawa, mnara uko sawa. Akabaki mtu mmoja tu wa kulaumiwa. Ndipo mjomba akafukuzwa kama mlivyosikia.

Nilishindwa kuvumilia. Nikaingia ofisini kwa mkurugenzi.

"Mzee... ni mimi."

"Funga mlango."

Nikafunga.

"Najua ni wewe," akasema.

"Unajua?!"

"Nani mwingine anashika mitambo ile, binti?"

"Sasa mjomba umemfukuzia nini?"

Aliegemea kiti chake, ametulia kama mtu aliyeshiba.

"Redio ile inanichosha. Leo inaniuliza barabara, kesho inaniuliza dampo. Kikao cha watumiaji kiko karibu. Wakiiona ni ya kizembe, wataitoa kwenye mtandao, na mgawo wake utakwenda shuleni. Kwa mama yako! Si ndicho ulichokitaka?"

Nikashika kitasa cha mlango.

"Wewe nyamaza tu. Chuoni nitakuandikia maneno mazuri."

Jamani, nisiwafiche: nilitamani kukubali. Alikuwa ameyasema mawazo yangu mwenyewe, ila kwa sauti yake. Niliwaona wanafunzi wa mama wakifaulu, picha haigandi tena. Nikatoka mle ndani bila kusema hapana. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Siku ya kikao, ukumbi ulifurika. Redio ilikuwa inarusha kikao moja kwa moja. Mjomba aliitwa kujitetea, akasema tu kwamba hajui kilichotokea. Watu wakaguna.

"Wanaotaka redio iondolewe kwenye mtandao, wanyooshe mikono!" mkurugenzi alitangaza.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Mjomba aliuona mkono wa dada yake, akainamisha kichwa.

Nikasimama.

"Mama, shusha mkono!"

"Binti, kaa chini!" mkurugenzi alinikemea.

"Mgawo wa redio niliuchukua mimi. Nikaupeleka shuleni, bila ruhusa ya kikao. Mjomba hana kosa. Na mkurugenzi nilimwambia, akaniambia ninyamaze ili redio iondolewe."

Ukumbi ulilipuka. Mama alinigeukia, mkono bado uko juu, kama ameusahau.

"Wewe?"

"Mimi, mama. Ili picha itulie."

"Nilikuomba picha itulie. Nilikutuma umpokonye mdogo wangu?"

Wasomaji wangu, nia yangu ilikuwa njema kabisa, na watoto walitapika vilevile. Mgawo ule haukuwa wangu. Wenyewe walikuwepo, na kuwauliza kusingenigharimu chochote. Kama wewe nawe umepewa kushika kitu cha watu wengi, waulize kwanza.

Mama alishusha mkono. Mkurugenzi alikuwa anaita walinzi. Mjomba alinitazama, na safari hii hakuwa na utani wowote.

Nikasogea kwenye kipaza sauti, ili hata waliobaki nyumbani wanisikie:

"Kuanzia leo sigusi tena mitambo hii. Kesho naenda chuoni kueleza nilichokifanya, kisha nitazunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi wazazi wa watoto wale. Lakini ukumbini humu sitoki mpaka mjomba wangu arudishiwe kazi yake."