Nilizima Injini Mteremkoni, Nikampoteza Restituta

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, mkulima wa mahindi na ulezi pembeni kidogo ya mji wa Sumbawanga. Nina mtoto mmoja, Oliva, wa miaka sita. Mama yake hayupo... na aliyesababisha ni mimi.

Wasomaji wenzangu, kwa nini watu tunapenda pikipiki? Wengine watasema mwendo, wengine sifa za kijiweni. Mimi niliipenda kwa ajili ya mke wangu, Restituta. Kwetu mke hamkumbatii mumewe mbele za watu, atasemwa mpaka kanisani. Lakini juu ya pikipiki! Alinizungushia mikono kiunoni mchana kweupe, kidevu begani kwangu, na hakuna aliyekuwa na neno.

Tena ukishuka kutoka huku juu kwenda bonde la Rukwa, waendeshaji wengi huzima injini na kutoa gia, wanaita kuweka frii, wabane mafuta. Mimi nilizima ili tuongee. Upepo mtupu, na sauti yake sikioni... Nilijiona mfalme!

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa tunakwenda Kaoze, kule bondeni, kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ina utelezi. Nikazima kama kawaida. Safari hii hakufurahi.

"Baba Oliva, washa bwana, njia mbaya."

Nikamtania kwamba ameanza kuzeeka. Akarudia tena, kwa sauti ya kuomba. Nikacheka. Nilicheka, jamani!

Breki ilipata moto, ikaacha kushika. Nikaingiza gia kwa pupa, tairi la nyuma likateleza, tukaingia mtaroni. Mimi nilichubuka mkono tu. Yeye aligonga kichwa kwenye jiwe. Nilimwita, nikamwita... Hakuitika.

Msibani nilisema breki zilikatika, basi. Mama mkwe wangu, aliyetoka kwake Mwimbi, alinishika kichwa akasema, "Pole mwanangu, ni mapenzi ya Mungu." Kila Jumapili akawa ananiombea. Huruma ile ilinitesa kuliko msiba wenyewe. Wewe ungeweza kuibeba?

Mwaka ulipopita nilishindwa. Nikaenda Mwimbi, nikamweleza yote. Akauliza jambo moja tu: je, mwanawe aliniambia niwashe?

Nikasema ndiyo, mama. Mara mbili.

Hakunitukana. Alijifunika uso kwa kanga, akalia. Tangu siku hiyo nikimpelekea Oliva anampokea vizuri, anambusu. Mimi nikimwamkia shikamoo, haitikii. Simlaumu hata kidogo.

Ndugu zangu, siwakatazi pikipiki. Ni tamu, naijua. Ila mteremkoni iacheni injini iwake, iwashikilie mwendo, hata kama kelele zake zitawanyima maongezi. Na aliyekaa nyuma yako akikuambia washa, usimcheke, usimjibu, washa! Nawaomba... Huenda hatapata nafasi ya kukuambia tena.