Mfuko wa Mishono Miwili

Siku Thuo alipomwona Nasimiyu kwa mara ya kwanza alikuwa anatafuta fundi wa kushona, hakuwa anatafuta mke. Afadhali angetafuta mke moja kwa moja, tungepumzika sote.

Ilikuwa Jumamosi ya soko mjini Kitale, mwaka wa hamsini na moja. Baraza la maduka ya Wahindi lilijaa wauza kuku, wakulima wa mahindi na akina mama wa vitambaa, na mafundi wake wote walikuwa wanaume isipokuwa mmoja. Nasimiyu alivaa gauni la manjano lenye kola nyeupe na viatu vyeupe vya turubai, na mguu wake ulikanyaga cherehani bila kupumzika. Thuo akasimama mbele yake, kaptula ya khaki imelowa matope hadi kiunoni.

"Dada, nataka mifuko arobaini ya marikani. Kila moja na kamba ya kufunga mdomo."

"Arobaini! Unaweka nini?"

"Vitu vya msitu."

"Uyoga?"

Thuo akayatazama yale macho, akakosa ujasiri. "Kitu kama hiyo."

Uongo wa uyoga ulidumu wiki tatu. Siku aliporudisha mfuko mmoja uliofumuka ili ushonwe, chura aliyesahauliwa ndani akaruka juu ya cherehani, na Nasimiyu akapiga yowe lililomtoa mwenye duka nje. Thuo akamdaka yule chura kwa mikono miwili, taratibu, akamgeuza tumbo juu.

"Ona vile ni mzuri," alisema.

"Mzuri? Wewe mwanaume una wazimu?"

Ndipo akaeleza. Kulikuwa na Profesa Mzungu aliyepanga nyumba Kitale, na kazi yake ilikuwa kujua kila chura, kinyonga na nyoka wa msitu wa Elgon, kutoka chini mashambani hadi juu kwenye mianzi. Thuo ndiye aliyewakamata. Kila mnyama aliwekwa kwenye mfuko wake, akaandikiwa kibandiko cha tarehe na mahali, kisha akapelekwa kwa Profesa.

"Na mama yako anajua hii kazi?"

"Anaambia watu mimi ni mpishi."

Nasimiyu akacheka hadi akashika tumbo. Kwa bahati mbaya, akampenda hapo hapo.

Nasema bahati mbaya kwa sababu vyura huimba mvua ikinyesha, na mvua ikinyesha Thuo hakuwa mtu wa kushikika. Walipanga kwenda kanisani, wingu likatanda, akaenda mlimani. Nyumbani kwa kina Nasimiyu, karibu na stesheni ya Bungoma, Mzee Absalom alipanga siku ya kuwapokea wazee wa Thuo. Mara ya kwanza alichinja kuku watatu, mvua ikanyesha, wageni hawakuja. Mara ya pili alichinja mbuzi. Mvua.

"Mara ya tatu," mzee alimwambia binti yake, "nitamchinja yeye."

Siku ya tatu ikapangwa. Nasimiyu akanunua popelini nyeupe, akashona mfuko mmoja kwa mkono, mshono juu ya mshono, akautarizi maua mekundu. Akampa Thuo. "Hii si ya chura. Hii ni ya kubeba shati yako na Biblia siku unakuja kwetu. Umesikia, mpenzi?"

"Nimesikia, roho yangu."

Hakusikia lolote. Jumanne kabla ya siku yenyewe, Nasimiyu alimpelekea chapati kwenye banda lililo nyuma ya nyumba ya Profesa. Mifuko ilikuwa imening'inizwa kivulini, imenyunyiziwa maji. Katikati yake, maua mekundu. Maua yakasogea. Akanyoosha mkono.

"Usiguse!" Thuo aliruka kutoka mkekani alipokuwa amelala. "Hiyo nyoka tumetafuta miaka miwili!"

Nasimiyu akaurudisha mkono polepole. "Nyoka. Kwa mfuko yangu."

"Ngoja nikuelezee..."

"Unalilia nyoka, mimi siulizwi hata kama nimeshtuka! Oa hiyo nyoka, bana. Peleka wazee wako huko mianzi." Akaziacha chapati chini, akapanda basi la Bungoma siku ile ile.

Alhamisi, Thuo akaenda posta ya Kitale akapiga simu stesheni ya Bungoma, ambako Jotham, binamu yake Nasimiyu, alikuwa karani wa tiketi. Jotham akamtuma mtu nyumbani, akamwambia Thuo apige tena baada ya nusu saa. Nasimiyu akaja kweli, lakini alikataa kuigusa simu.

"Mwambie sipo."

"Anasema hayuko," Jotham akatangaza. Akasikiliza. "Dada, anasema amesikia sauti yako. Anakuita kipenzi. Hiyo kipenzi ni yake, si yangu."

Foleni ya tiketi ikacheka. Mama mmoja mwenye kapu akasogea mbele asikie vizuri.

"Muulize kwa nini aliweka nyoka kwa mfuko yangu."

Jotham akasikiliza muda mrefu, uso ukibadilika. "Anasema ile nyoka ni ya sumu mbaya. Alishuka nayo mlima kwa masaa nne, imefungwa hapa kwa kiuno. Anasema zile mifuko arobaini ulishona mshono moja, haraka haraka, na zingine zimefumuka. Hii yako ilikuwa na mishono mbili. Anasema kama ni roho yake, hakuwa na mfuko ingine ya kuamini."

Ilikuwa kweli. Ile mifuko Nasimiyu aliishona akiwaza chakula cha mchana, na hakuna kitu kinachochoma kama ukweli wa mtu uliyemkasirikia. Alipofikiria ule mshono ukifumuka kiunoni mwa Thuo, akaogopa, na hapo hasira ikazidi.

"Kwa hivyo ni makosa yangu?"

"Dada, dakika tatu za simu zinaisha, na hawa watu wanataka tiketi."

"Mwambie aje Jumamosi. Baba ataniita mbele ya wazee, aniulize kama namtaka. Jibu atasikia huko na masikio yake. Na mvua ikinyesha akatoka, asirudi!"

"Umesikia?" Jotham akauliza kwenye simu. "Stesheni nzima imesikia."

Jumamosi Thuo alifika na baba yake Gikonyo, wazee wawili, na shangazi Wahu aliyebeba sukari na majani ya chai. Alivaa suti nyeusi ya kuazima, mikono imepita vidole. Mlangoni akampa Nasimiyu mfuko wa maua, umefuliwa na kupigwa pasi.

"Nyoka sasa iko kwa chupa," alinong'ona.

"Sikuuliza," Nasimiyu akajibu, akaubeba mfuko hadi jikoni.

Wazee wakaketi, wakaanza kuzunguka ng'ombe wa mahari bila kuwataja, kama desturi ilivyo. Saa tisa mabati yakalia. Mvua. Kila jicho mle ndani likamgeukia Thuo. Mzee Absalom akaweka kikombe chini.

Thuo akashika kiti kwa mikono miwili.

Kisha, kutoka kwenye kinamasi nyuma ya nyumba, sauti ikaanza: ti, ti, ti, kama mtu anayegonga chupa kwa kijiko. Si sauti ya chura wa kawaida. Thuo aliwajua wote kwa sauti, na huyu hakumjua. Sikio moja lilikuwa dirishani, macho yalikuwa kwenye mlango wa jikoni, na makalio, Mungu shahidi, hayakuondoka kwenye kiti.

"Nasimiyu!" mzee akaita. "Njoo hapa. Hawa wageni unawajua? Na huyu kijana, unamtaka?"

Nasimiyu akatokea, mikono nyuma. Alikuwa amejiandaa kumwacha angoje, angoje hasa, aonje ladha ya zile siku mbili za kuku na mbuzi. Akamtazama. Midomo ya Thuo ilikuwa inahesabu ti, ti, ti kimyakimya, na bado amekaa. Mwanaume huyu alikuwa anateseka kwa ajili yake. Alimpenda hata akataka kumpiga kofi.

Akaweka mfuko wa maua kwenye mapaja ya Thuo. "Nenda. Dakika kumi."

"Si ulisema nikitoka..."

"Nilisema ukitoka mwenyewe. Sasa nimekutuma. Toka!"

Thuo aliruka kiti, akamruka shangazi Wahu, akapotelea mvuani.

"Mimi nimeuliza swali," Mzee Absalom akasema, akiutazama mlango ulioachwa wazi. "Huyo ndiye unataka? Huyo?"

"Ndiye, baba. Mungu anisaidie."

Kisha akavua viatu vyake vyeupe, akavipanga mlangoni, akachukua mwavuli wa baba yake akamfuata Thuo, kwa sababu ile suti haikuwa yake.