Ngumi Isiyofunguka

Siku ile mjinga alikuwa Fundi mwenyewe, na hamsingizii mtu. Ni yeye aliyemwambia kaka yake, "Chukua jembe, tuufukue."

Alichotaka kufukua ni mkono wake.

Fundi alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda na makabati kwenye kibanda cha mabati mbele ya nyumba yake. Siku moja msumeno wa mashine uliuchanachana mkono wake wa kushoto. Hospitali wakaukata chini ya kiwiko. Familia wakaurudisha nyumbani, wakauviringisha kwa kitambaa cheupe na kuuzika uani, karibu na ukuta. Mvua zikanyesha, zikakatika. Kidonda kikapona vizuri.

Lakini mkono haukuondoka.

Fundi aliuhisi palepale, kwenye hewa tupu. Vidole vilikuwa vimekunja ngumi. Kucha zilizama kiganjani. Kila alipojaribu kuifungua, ngumi ilizidi kukaza. Alitafuna dawa za maumivu kama karanga. Usingizi aliupata kwa kuibia. Randa yake ya kulainishia mbao ikaota kutu, wateja wakahamia kwingine.

"Baba watoto, turudi hospitali," mkewe alimwambia.

"Nikawaambie nini? Kwamba naumwa kidole kilichozikwa? Watanifunga kamba!"

Kaka yake alikuwa mshona viatu. Mtaani walimwita Profesa, maana hakuna swali lililowahi kumkosesha jibu.

"Mdogo wangu, tuliuzika vibaya," Profesa alisema. "Tuliuzika umekunja ngumi. Tukivinyoosha vidole, umepona."

"Chukua jembe, tuufukue," Fundi akasema. "Ikishindikana, kesho nakwenda wanikate mpaka begani."

Jua lilikuwa utosini. Uani palikuwa kimya. Hata kuku hawakuparura. Profesa akainua jembe.

"Aaah!" Fundi alipiga kelele. "Umenikata kidole!"

Jembe lilikuwa bado hewani.

Profesa akalishusha polepole, kama mtu anayeweka yai chini. "Sijagusa kitu," alinong'ona.

"Endelea, kaka."

"Na nikikukata kweli je?" Profesa akaliacha jembe, akarudi nyuma.

"Wanaume wawili, roho moja ya kuku," mke wa Fundi alisema, akachukua jembe. Akachimba taratibu mpaka kitambaa kikaonekana. Akakifunua.

Mifupa ya vidole ilikuwa imenyooka. Vidole vyote vitano, vimelala ubavu kwa ubavu kama watoto mkekani. Hapakuwa na ngumi.

"Sasa je?" mkewe aliuliza.

"Bado inakaza," Fundi alijibu kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo walipoogopa kwelikweli. Kama ngumi haimo kaburini, imo wapi?

"Jamani, mnazika nani bila kutuambia?"

Wote watatu wakaruka. Alikuwa jirani, amechungulia juu ya ukuta. Mama huyu alifanya kazi hospitalini, akiwafundisha mazoezi watu waliokatwa viungo. Alizunguka, akaingia, akatazama shimo. Hakucheka.

"Fukieni kwanza. Mnawe mikono kwa sabuni. Kisha tuongee."

Walipokaa sebuleni, jirani akamwambia mke wa Fundi, "Dada, mguse mumeo shavu la kushoto. Taratibu. Fundi, fumba macho. Unahisi nini?"

"Shavu," Fundi alisema. "Na kidole gumba. Kile cha... kile cha kule."

Profesa akasogeza kiti chake karibu na mlango.

"Si jini, Profesa, usikimbie," jirani alisema. "Ubongo una ramani ya mwili mzima. Mkono umekatwa, lakini kwenye ramani bado upo. Na sehemu ya mkono imepakana na sehemu ya uso. Majirani huingiliana, kama mimi na mambo yenu."

"Kwa hiyo sina wazimu?"

"Huna. Maumivu yako ni ya kweli. Wengi waliokatwa viungo huyapata. Ila wananyamaza, wanaogopa kuchekwa."

"Na wakinikata begani?"

"Ramani haikatwi kwa msumeno. Unaweza kurudi na maumivu yaleyale, na kiwiko umekosa."

"Lakini inakuwaje nihisi kitu ambacho hakipo?"

"Hata wanasayansi bado wanachunguza, Fundi. Namna mtu anavyojihisi yumo ndani ya mwili wake, hilo ni fumbo kubwa. Ila yapo tunayojua kwamba yanasaidia. Kesho twende wote."

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Akampa dawa za maumivu ya neva, akamkataza kumeza vidonge kwa kukisia. Jirani akamfundisha zoezi la kioo.

Nyumbani, jirani akimwelekeza, Fundi alibandua kioo cha kabati, akakisimamisha mezani kikielekea kulia. Mkono wa kulia akauweka mbele ya kioo. Kigutu akakificha nyuma ya kioo. Akatazama.

Mkono wa kushoto ulikuwa umerudi.

Mkewe akarudi nyuma, kiganja mdomoni.

"Kunja yote miwili," jirani alisema. "Sasa fungua. Polepole."

Mkono wa kulia ukafunguka. Ule wa kwenye kioo nao ukafunguka. Na kule kwenye hewa tupu, Fundi akahisi kucha zikitoka kiganjani, moja baada ya nyingine. Machozi yakamtoka.

Ngumi ilirudi jioni. Jirani alikuwa amemwonya: zoezi ni la kila siku, kidogo kidogo, na mtu akisikia kizunguzungu aache. Tena haliwasaidii wote. Wengine huhitaji tiba nyingine. Fundi hakuacha. Wiki zikapita, ngumi ikaanza kupotea njia. Akalala. Akafunga jiriwa mezani imshikilie mbao, na randa ikaanza kuimba tena.

Siku moja Profesa alimkuta mbele ya kioo. Alisimama mbali kidogo, akitazama mikono miwili ikifunguka pamoja.

"Mdogo wangu, mtu mzima unadanganywa na kioo! Huo mkono haupo. Kitu kisichokuwepo kinakuponyaje?"

Fundi hakugeuka.

"Na ule uliokuwa ukiniuma, kaka, wewe uliuona wapi?"