Mchoro wa Ziwa wa Mzee Baldev

Kwanza ilikuwa harufu. Kila Sadiyo alipotandika msala sebuleni kwake, pale Stechford, ughaibuni, pua ilijaa harufu ya matope na majani yaliyooza majini. Akafungua madirisha, akafukiza ubani hadi kengele ya moshi ikalia. Wapi! Harufu ilitoka ukutani, kwenye mchoro.

Na huo mchoro, astaghfirullahi, aliuiba. Tusizungukezunguke. Mzee Baldev, jirani yake Kalasinga mzaliwa wa Kisumu, alipofariki, bintiye Kulwinder alimwachia Sadiyo ufunguo aangalie nyumba wakati wenyewe wameenda kuchoma maiti. "Dada, ni wewe tu ninayekuamini," alimwambia. Huku nyuma Sadiyo akauona mchoro umegeuzwa uso ukutani, akaugeuza: ziwa tulivu, kazi ya penseli ya karne ya kumi na tisa, linafanana na Naivasha ya utoto wake. Akauficha chini ya shali. Hauna mtu wala ndege, alijiambia, kwa hiyo hata upande wa kibla unafaa. Jamani! Mwizi anachagua ukuta wa halali!

Alasiri moja, akiinuka kutoka sijida, akaona mtu ufukweni, mdogo kama punje ya mtama. Kesho yake alikuwa amesogea. Mwanamke, kajitanda shali, mkono mmoja kauficha ndani.

"Mulki," alinong'ona, "unamwona nani hapo?"

Binti yake, ambaye siku zote humjibu kwa Kiingereza, safari hii alijibu kwa Kiswahili. "Hooyo, mama yangu, si ni wewe? Umeficha nini?"

Uso ukamwiva kwa aibu. Kumwita sheikh hakuweza, maana sheikh angeuliza mchoro umetoka wapi. Wageni akawazuia mlangoni akisingizia mafua, na kila aliposimama kuswali aliyasikia maji yakipiga ufukweni, halafu miguu ikikanyaga matope, halafu pumzi, karibu, karibu zaidi, mpaka akawa anaswali macho kayafumba, hajui alichosoma, anaogopa hata kugeuka kulia kutoa salamu asije akakuta uso unamsubiri.

Mwishowe akapiga moyo konde, akaufunga mchoro kwenye kanga, akampelekea Kulwinder. Alijua dawa yake: aseme niliiba, nisamehe. Akafungua mdomo.

"Mzee alinipa mwenyewe," ulimi ukasema. "Lakini naona urudi kwenu."

Kulwinder akamkumbatia huku analia. "Dada Sadiyo, watu kama wewe wameisha."

Sadiyo alitamani ardhi immeze. Akautupia mchoro jicho la mwisho: ufukwe mtupu, hakuna mtu. Alhamdulillahi, ameondoka! Akarudi nyumbani nusura akimbie.

Mulki akamfungulia mlango, akamtazama, kisha akageuka kutazama sebuleni.

"Hooyo," alinong'ona, "si nimekuacha humo ndani unaswali?"

Harufu ya matope ikawafikia pale mlangoni. Na ndani, juu ya msala, sauti ya Sadiyo mwenyewe ilikuwa ikisoma taratibu, ikimaliza na kuanza tena: "Mzee alinipa mwenyewe. Mzee alinipa mwenyewe."