BARUA NILIYOIFUNGIA NYUMA YA KIOO

"Wewe! Fungua hicho kioo. Hilo ni jina langu!"

Ukumbi mzima wa kanisa ukageuka.

Watu kama hamsini, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa mkononi, wote macho kwangu.

Aliyepiga kelele ni bibi wa miaka themanini na sita, koti la mvua la bluu, fimbo mkononi. Kidole chake kilikuwa kimegandamia kioo cha maonyesho yangu. Chini ya kidole kile, ndugu zangu, ilikuwepo barua.

Barua ambayo haijawahi kufunguliwa tangu mwaka 1958.

Barua iliyoandikwa kwenda kwake.

Na mimi nilijua! Miaka mitatu nilijua... nikauchuna.

Msinitukane kwanza. Someni mpaka mwisho, halafu mnitukane mkiwa na ushahidi wote.

Naitwa Eivind Sørhaug, wa hapa hapa Sandefjord, mji wa bandari huku kwenye baridi ya kaskazini. Nafundisha hesabu, lakini Jumanne hunipati nyumbani. Nipo chamani na wenzangu, tunaokusanya barua za kale, ramani za bahari, na mabaki ya enzi za nyangumi.

Mji wetu huu ulijengwa na nyangumi. Babu zetu walishuka kuvua nyangumi hadi mwisho wa dunia kila Oktoba, wakarudi Mei wananuka mafuta. Kwa hiyo kila nyumba hapa ina sanduku la barua darini. Wenyewe wanaona takataka. Sisi tunatokwa na mate.

Sasa nisikilizeni. Barua zilizofunguliwa, hata ziwe nzuri vipi, zipo tele. Lakini ambayo haijafunguliwa, gundi yake bado imeshika, stempu yake safi, mhuri wa Georgia Kusini, kile kisiwa cha wavuvi wa nyangumi karibu na barafu ya kusini, unasomeka... hiyo utaisaka mpaka meno yaanguke!

Na sheria yetu ni moja: haifunguliwi. Ukiifungua umeiua.

Mimi niliipata kwenye mnada wa bendi ya shule. Mnaujua. Watu wanaleta vyombo vya marehemu wao, sisi wazazi tunavipanga ukumbini Ijumaa, milango inafunguliwa Jumamosi, hela inanunua matarumbeta. Na aliyepanga haruhusiwi kununua kitu kabla ya mlango kufunguliwa. Hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua.

Ijumaa ile nilifungua kopo la kahawa lililojaa vifungo vya nguo. Chini ya vifungo, bahasha.

Moyo paa!

Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Nikaiingiza ndani ya koti.

Kesho yake nikatumbukiza kroner ishirini kwenye kisanduku cha bendi, eti nimenunua. Jamani, mtu anaweza kujidanganya kwa bei ndogo sana!

Juu ya bahasha iliandikwa kwa herufi kubwa: Bi. Borghild Lindøy. Nyuma yake: T. Skjelbred, na jina la kituo cha nyangumi.

Sisi wakusanyaji tuna ugonjwa mmoja. Lazima tujue kila kitu kilitoka wapi. Siku mbili tu kwenye vitabu vya kanisa nikawa nimempata. Borghild Lindøy, aliolewa na muuza viatu mwaka 1961, sasa mjane. Kopo lilitoka kwenye nyumba ya marehemu mama yake. Dada mtu ndiye aliyeishi humo hadi mwisho, na alipokufa mpwa wao akaisomba nyumba nzima kuileta mnadani.

Na Borghild mwenyewe anakaa wapi?

Mtaa wa tatu kutoka kwangu!

Nilikwenda mpaka mlangoni pake. Nilisimama na barua mfukoni, kidole kwenye kengele. Nikasikia redio ndani, na mtu anaimba vibaya akiifuata.

Nikajisemea, akiipata ataipasua pale pale.

Nikarudi nyumbani.

Ndiyo hivyo. Sina maelezo mengine.

Sasa turudi ukumbini, Jumamosi ile ya Aprili, siku ya maonyesho ya chama chetu, yenye medali kwa mkusanyiko bora. Bi. Borghild wala hakuja kuona barua. Alifuata skonzi za iliki! Kina mama wa kanisa huwa wanaziuza mlangoni. Alikuwa anapita zake na skonzi kwenye leso, jicho likatua kwenye kioo changu.

Mwenyekiti wetu Gudmund, mtu wa tai na sauti nzito, akaja mbio.

"Mama, samahani, vitu vya maonyesho haviguswi."

"Wewe unaitwa nani?"

"Gudmund, mwenyekiti wa—"

"Gudmund, mwanangu, wewe unaitwa Borghild Lindøy?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa pembeni."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta ufunguo.

Gudmund akaninong'oneza, "Eivind, usifanye ujinga! Waamuzi wanapita saa nane. Hiyo ni medali ya dhahabu, mwaka huu haina mpinzani!"

Nilifungua kioo. Nikamkabidhi.

Akaigeuza. Alipoona jina la nyuma, akatafuta kiti bila kuangalia, nikakisukuma chini yake haraka.

"Torleiv," akasema. Basi.

Kisha: "Nani ana kisu?"

"Jamani!" Gudmund akapiga yowe. "Angalau tuifungue kwa mvuke! Gundi inaachia taratibu, bahasha inabaki nzima—"

"Nimekisubiri kisu hiki miaka sitini na sita, na wewe unataka nikuchemshie maji?"

Akachukua kisu cha siagi kwenye meza ya skonzi. Kraaa! Gudmund akafumba macho kama mtu anayechanjwa.

Ndani mlikuwa na karatasi moja, imeandikwa kwa penseli, herufi ndogo ndogo. Akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Miwani nimeiacha nyumbani," akasema. Akanitazama. "Soma wewe."

"Mimi?"

"Si ndiyo umekaa nayo? Soma."

Nikasoma. Mbele ya watu wote wale.

"Borghild. Huku baridi inakata masikio na harufu ya mafuta haitoki kwenye nywele. Sina maneno mengi, unanijua. Nimeongea na mjomba kuhusu ile nyumba ya njano kule Nøtterøy, amekubali kutuachia. Meli inaingia Mei, siku yenyewe watatangaza redioni. Kama umenikubali, njoo gatini. Njoo na mkate wowote wa hapo kazini kwako, hata ulioungua. Usipokuja nitakuwa nimepata jibu, na sitakuuliza tena wala sitakuaibisha kwa watu. Wako, Torleiv."

Nikamrudishia karatasi.

Bi. Borghild alikuwa anaitazama ile skonzi yake kwenye leso.

"Nilikuwa bekari," akasema polepole. "Pale pale bandarini. Hatua mia mbili tu mpaka gatini. Honi ya meli niliisikia. Wasichana wote walivua aproni wakakimbia, mimi nikaendelea kukanda unga."

"Kwa nini hukwenda, mama?" mtu akauliza nyuma.

"Msimu mzima hakuniandikia. Nilijua amenisahau. Ningekwenda kusimama gatini kama nani?"

Akapangusa pua kwa leso, skonzi ikaanguka, hakuna aliyeiokota.

"Ulisema ilikuwa kwenye nini?"

Sikuwa nimesema. Nikamwambia: kopo la vifungo, kwenye vyombo vya nyumbani kwa mama yake, miaka mitatu iliyopita.

Akafumba macho.

"Mama... Baba alifia huko kusini mwaka arobaini na saba. Mama aliapa hakuna mvuvi mwingine wa nyangumi atakayeingia nyumbani kwake."

Halafu akafumbua macho. Yalikuwa makavu na yananitazama mimi.

"Mama aliificha kwa woga. Wewe uliificha kwa nini?"

Ndugu zangu, nimefundisha miaka ishirini na sita. Nimeulizwa maswali ya kila aina. Kama lile, bado.

"Kwa medali, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokitaka.

"Torleiv yuko hai?"

"Alifariki mwezi wa pili mwaka huu."

"Mwezi wa pili. Wapi?"

"Nøtterøy. Kwenye nyumba ya wazee."

Nusu saa tu kwa gari! Nikamwona anahesabu. Mwezi wa pili mpaka wa nne. Kisha anarudi nyuma, anahesabu ile miaka yangu mitatu.

Ningeweza kuishia hapo. Angeamini nilisoma gazetini. Gudmund alikuwa ananikanyaga mguu, niishie hapo.

Lakini kuna jambo ambalo hata ninyi wasomaji nimewaficha tangu mstari wa kwanza.

Mimi Torleiv nilimwona. Kwa macho yangu.

Oktoba iliyopita. Nilihitaji maelezo ya kuandika chini ya barua, mambo ya kituo, meli, posta yao. Nikampigia simu, nikabeba keki, nikaenda. Mzee wa miaka themanini na tisa, bega pana, kichwa kinafanya kazi kuliko changu. Alinielezea kila kitu kwa saa mbili, anafurahi mtu amekuja.

Naondoka, akanishika mkono wa koti.

"Mwalimu, wewe unazijua hizi barua. Hebu niambie. Za kule kwetu zilikuwa zinafika kweli?"

"Kwa nini unauliza, mzee?"

"Aa... kuna moja niliandika. Sikujibiwa. Najiuliza tu, uzee una muda mwingi."

Ilikuwa nyumbani kwangu, kabatini, ndani ya plastiki maalumu! Ningeweza kuwapigia simu wote wawili jioni ile ile.

Nikamjibu, "Nyingi zilifika, mzee."

Akaniachia koti.

"Haya," akasema. "Basi alikataa."

Hayo yote nilimwambia Bi. Borghild. Nilipiga magoti pale sakafuni. Nililia mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu. Gudmund alikuwa amehama kabisa, amekwenda kusimama karibu na ramani zake.

Nilingoja fimbo. Kusema kweli niliitamani.

Hakunipiga. Akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kahawa alikuwa anakunywaje?"

"Mama?"

"Ulikaa naye saa mbili. Alikunywaje kahawa?"

Nikakumbuka. "Alibana kipande cha sukari kwenye meno ya mbele. Akapitisha kahawa hapo hapo, kwa mlio."

"Kwa mlio!" Kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Nilimgombeza kwa hilo mbele ya mama. Hakubadilika basi."

Akakunja ile karatasi mara nne, akaiweka ndani ya nguo, kifuani. Akanyanyuka kwa fimbo yake. Nikainuka kumsaidia, akanikwepa.

Amefika mlangoni, akageuka. Akarudi. Akanishika mkono, akaweka kitu kwenye kiganja changu.

Bahasha. Imepasuka upande mmoja, stempu yake yenye picha ya meli bado ipo, mhuri unasomeka vizuri kabisa.

"Chukua," akasema. "Si hii ndiyo ulikuwa unaitaka?"

Akaondoka.

Sikupata medali, na sikukaa kusubiri waamuzi. Wenzangu wa chamani wananisalimia. Kwa mbali.

Bi. Borghild hajanisemesha mpaka leo. Wiki iliyofuata nilimwona kituo cha basi la Tønsberg, koti lile lile la bluu, mkononi mkate umefungwa kwenye karatasi. Ukifika huko unaunganisha basi la Nøtterøy, linalopita karibu kabisa na makaburi. Sikuthubutu kumuuliza anakwenda wapi.

Tangu siku ile nimelipekua kabati langu zima. Nimekuta barua kumi na moja ambazo wenyewe, au watoto wao, bado wanapumua. Nne nimeshazipeleka. Mmoja alinikumbatia. Mmoja alinifungia mlango usoni, na alikuwa na haki. Saba zilizobaki nazipeleka moja moja, kila Jumamosi, na safari hii kengele naibonyeza.

Ile bahasha nimeitundika jikoni. Tupu. Kila asubuhi nikinywa kahawa inanitazama, na mimi namsikia yule mzee anauliza kama barua zinafika.

Wahenga walisema haki ya mtu haipotei. Mimi naongeza kitu kimoja: haipotei, lakini inaweza kuchelewa mpaka mwenyewe asiwepo wa kuipokea. Kitu cha mtu kikiwa mikononi mwako, kiwe barua, picha, neno la kumsafisha mtu au hata salamu uliyopewa ukaidharau, kipeleke leo. Usingoje mpaka bei yake ipande.

Sasa nitukaneni. Lakini kabla hujaanza kuandika, nenda kafungue kabati lako kwanza. Mna kitu cha nani humo?